Kwa nini San Andreas ya 2005 inasumbua kwenye laptopu mpya, na namna ya kuiweka sawa

Kuna swali linarudi kila mara kwa watu wanaopenda gemu za zamani, na linaulizwa kwa uchungu kabisa: inakuwaje laptopu yangu ni mpya, ina RAM ya 16 GB, ina SSD, gemu za juzi inazimudu bila shida, halafu GTA San Andreas ya mwaka 2005 ndo inanitoa jasho? Mausi haigeuzi kamera, ramani ya pembeni imekuwa yai badala ya duara, CJ, mhusika unayemchezesha, akitumbukia baharini anapiga mbizi lakini haendi popote, na siku nyingine ukibofya ikoni skrini inakuwa nyeusi sekunde mbili halafu unarudishwa desktopu kimya kimya bila hata ujumbe wa kosa. Jibu ambalo watu wanapeana haraka ni "hiyo ya zamani mkuu, achana nayo." Mimi jibu hilo silikubali, maana gemu haijaoza. Yale mafaili ni yale yale yaliyokuwa kwenye diski, hata herufi moja haijabadilika. Kilichobadilika ni kompyuta iliyoizunguka, na ukishajua ni kitu gani hasa kimebadilika, kila tatizo linapata dawa yake na gemu inaenda vizuri kuliko ilivyowahi kwenda enzi zake.

Tuanze na hili la nguvu maana ndo linachanganya wengi. San Andreas ilitoka kwanza kwenye PlayStation 2, Oktoba 2004, halafu ikaja kwenye PC Juni 2005. Kwenye boksi waliandika mahitaji ya chini: prosesa ya 1 GHz, RAM 256 MB, kadi ya grafiki yenye 64 MB. Laptopu yoyote ya ofisini iliyotumika, zile zinazouzwa zikiwa zimetoka nje, inazidi hapo mbali sana. Kwa hiyo ukiona gemu inasumbua usikimbilie kuongeza RAM, utapoteza hela. Nguvu unayo ya kutosha, tena kwa sehemu fulani nguvu yenyewe ndo inayoleta shida, na hapo ndo pa kupaelewa vizuri kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Gemu haioneshi picha inayotembea, inaonesha picha moja moja kwa kasi, kila picha tunaiita fremu. Kabla ya kila fremu gemu inapiga hesabu ya dunia nzima: CJ yuko wapi, gari lina mwendo gani, risasi imefika wapi, polisi wameona au hawajaona. Kwenye fremu 30 kwa sekunde kila hesabu inabeba kama milisekunde 33 za maisha ya mle ndani. Kwenye fremu 60 inabeba kama 17. Kwenye skrini ya 144 Hz, yaani fremu 144 kwa sekunde, inabeba 7 tu. Mtengenezaji makini anaandika kila kitu kwa kuzidisha na muda uliopita, yaani asiseme "sogea hatua moja kila fremu", aseme "sogea kiasi hiki kwa kila sekunde, na sasa imepita sehemu hii ya sekunde". Sehemu kubwa ya San Andreas imeandikwa hivyo. Ila si yote. Mle ndani kuna hesabu zinazofanyika mara moja kila fremu bila kuuliza muda gani umepita, na ukiwa kwenye fremu 30 huwezi kuzigundua kabisa kwa sababu walioijaribu waliijaribu kwenye fremu hizo hizo. Sasa chukua hesabu ya kupunguza mwendo, kitu kama ukinzani wa maji. Ikifanyika mara 30 kwa sekunde CJ anaogelea kawaida. Ikifanyika mara 144 kwa sekunde maji yanakuwa mazito balaa na jamaa anabaki palepale anarusha mikono. Ndo maana watu wanakwama kwenye misheni za kuogelea halafu wanadhani hawajapandisha kiwango cha pumzi, kumbe tatizo ni fremu. Magari nayo yanaanza kushika barabara tofauti na yalivyokusudiwa, kitu ambacho mchezaji wa zamani anakihisi mkononi hata kama hawezi kukieleza.

Na hii sio aibu ya San Andreas peke yake. Kompyuta za enzi za 286 na 386 zilikuwa na kitufe kabisa pale mbele kimeandikwa Turbo, na kazi yake ya maana ilikuwa kuipunguza mashine kasi ili gemu zilizoandikwa kwa prosesa za nyuma zaidi zisikimbie kupita uwezo wa mtu kuzicheza. Tatizo lilikuwepo kabla wengi wetu hatujazaliwa. Ila kwa San Andreas lina sababu yake maalum, kwamba gemu ilizaliwa PS2, mashine yenye RAM kuu ya 32 MB na ikiunganishwa kwenye televisheni, na pale fremu 30 ilikuwa ndo dari, tena mitaa ikijaa magari hata hizo hazifikiwi. Wakati wanaihamishia PC waliweka kwenye menyu kitu kinaitwa Frame Limiter, na kwa kawaida kinakuwa kimewashwa. Watu wakaona gemu inaenda kwa fremu 25 hivi (kimeandikwa kishike 30 ila mara nyingi unachokipata ni 25, hesabu yake ya kusubiri ina kasoro), wakaona nzito, wakakizima. Na kwa miaka ile ukikizima kompyuta ilikupa labda 40, labda 50, madhara yanaonekana kidogo sana. Leo ukikizima fremu zinapanda mbali zaidi ya hapo.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza kabisa ni huu, na naomba uufanye kabla ya mengine yote: unataka kuicheza kwa fremu 30 kama ilivyozaliwa, au unataka 60? Ukitaka 30 acha Frame Limiter ikiwa imewashwa, weka SilentPatch ambayo nitaieleza hapo chini, basi, una gemu salama ya kumaliza stori yote bila misheni kukugomea. Ukitaka 60, na kusema kweli kuendesha gari kwa fremu 60 kwenye vilima vya San Fierro, moja ya miji ya mle ndani, ni raha nyingine kabisa, basi zima Frame Limiter, funga fremu kwenye 60 kwa kutumia setingi za kadi ya grafiki au programu ya pembeni, halafu weka modi (nyongeza ya gemu inayotengenezwa na mashabiki) inaitwa FramerateVigilante ya Junior_Djjr. Hiyo modi kazi yake ni kupitia zile hesabu zilizosahau kuuliza muda na kuzifundisha kuuliza, kuogelea ikiwemo. Kupita 60 sikushauri. Faida ni ndogo na kila ukipanda unazidi kwenda sehemu ambazo hakuna aliyewahi kuzijaribu, mtengenezaji wala mrekebishaji.

Sasa twende kwenye skrini. Mwaka 2005 monita nyingi na televisheni nyingi zilikuwa na umbo la 4:3, karibu na mraba, na gemu ilichorwa kwa umbo hilo. Skrini za leo ni 16:9 na nyingine ni pana zaidi ya hapo. San Andreas ina chaguo la widescreen kwenye menyu lakini chaguo lile linafanya jambo la ajabu, badala ya kukuongezea upande wa kushoto na kulia linakata juu na chini, kwa hiyo una skrini kubwa na unaona kidogo. Maandishi na ramani vyenyewe vinavutwa tu kwa upana, ndo lile yai. Dawa ni modi ya Widescreen Fix ya ThirteenAG, ambaye amefanya kazi hiyo hiyo kwa gemu nyingi sana za kipindi kile, na baada ya kuiweka ramani inarudi duara, herufi zinarudi umbo lake, na unaona mtaa kwa upana wake. Hapo hakuna mengi ya kueleza, weka, ifurahie, endelea.

Kinachohitaji maelezo ni hizi modi zinaingiaje ndani ya gemu, kwa sababu watu wanaambiwa "tupia hili faili kwenye folda" na wanafanya bila kuelewa, kikiharibika kitu hawajui waanzie wapi. Programu ya Windows ikiwaka huwa haijitoshelezi, inaita mafaili mengine yenye mwisho wa .dll yaifanyie kazi, moja la grafiki, jingine la sauti, jingine la kibodi na mausi. Na kwa mafaili mengi ya aina hiyo Windows ina kawaida ya kulitafuta kwanza kwenye folda ile ile ilipo programu, ndipo iende kwenye folda yake ya mfumo. Warekebishaji wanaitumia kawaida hiyo. Ukiweka faili lenye jina lile lile pale pale ilipo gta_sa.exe, gemu inalichukua hilo bila kujua, na hilo faili linafanya kazi iliyoombwa huku likiingiza na marekebisho yake. San Andreas inatumia faili la vorbisFile.dll kusoma muziki, kwa hiyo njia maarufu ya miaka mingi ni kulibadilisha jina lile la asili liwe vorbisHooked.dll na kuweka jingine mahali pake, jipya likiitwa linapakia kila faili lenye mwisho wa .asi lililopo kwenye folda kisha linaendelea na kazi ya muziki kwa kumuita yule wa asili. Hicho ndo kinaitwa ASI Loader, na SilentPatch, Widescreen Fix na wenzao wote ni mafaili ya .asi yanayopita mlango huo. Ukilielewa hili unaelewa pia kwa nini modi mbili zinazoleta faili la jina moja haziwezi kukaa pamoja, na kwa nini ukitaka kujua nani mkosaji unatoa .asi moja moja mpaka gemu iwake.

Halafu kuna suala la toleo, na hapa historia yenyewe imeingia kwenye mafaili. Katikati ya 2005 iligundulika kwamba ndani ya diski kuna kipande cha gemu chenye mambo ya kitandani ambacho kilikuwa kimefichwa lakini hakijafutwa, modi ya PC ikakifungua, kelele zikawa kubwa Marekani, bodi inayopanga umri wa wachezaji kule ikaibadilishia gemu kiwango ikawa ya watu wazima tu, na maduka mengi yakaiondoa. Sakata lile linajulikana kama Hot Coffee. Rockstar, wenye gemu yao, wakatoa rekebisho la 1.01 na baadaye toleo la 2.0 ambalo lilifunga mlango kwa modi kwa ujumla. Matokeo yake ni kwamba jamii nzima ya warekebishaji ilibaki kwenye 1.0 na mpaka leo modi nyingi zinataka 1.0, ukizitupia kwenye toleo jingine gemu haiwaki au modi inakaa kimya. Toleo la Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, nalo lilipata apdeti Novemba 2014 iliyoondoa nyimbo kadhaa za redio kwa sababu leseni zake zilikwisha, na pamoja na hizo nyimbo ikavuruga mafaili ya save ya watu na setingi za skrini. Kwa hiyo mwenye toleo la kununua la miaka ya karibuni anatakiwa kwanza kulirudisha nyuma, kuna programu za bure zinazofanya kazi hiyo zinaitwa downgrader, zinachukua mafaili uliyonayo na kuyafanya yawe ya 1.0. SilentPatch yenyewe inakubali matoleo mbalimbali, huyo halazimishi, lakini ukishataka kuongeza chochote zaidi yake utajikuta unaihitaji 1.0.

Watu wataniuliza kwa nini mtu asinunue tu ile Definitive Edition ya Novemba 2021 akaachana na mateso. Ni haki yake. Mimi niliicheza na kuna vitu vizuri ndani yake, lakini ni gemu nyingine, imehamishiwa kwenye Unreal Engine 4, ilitoka na hitilafu mpaka Rockstar wenyewe wakaomba radhi, na mwanga wake, ukungu wake, hisia ya jua la Los Santos jioni, sio ile niliyoipenda. Kibaya zaidi zile za zamani ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni mwezi mmoja kabla, baadaye ndo Rockstar wakasema watazirudisha kwenye duka lao. Kitu cha namna hiyo kinanifanya nione kwamba kujua kuitunza ya zamani ni jambo la maana hasa. Na tukiwa hapo hapo kwenye mwanga, ijulikane kwamba hata PC ya 2005 ilipoteza vitu vilivyokuwepo PS2, ile rangi ya chungwa ya moshi na joto, mng'ao kwenye bodi za magari. Modi ya SkyGfx ya aap inavirudisha. Kwa aliyeanzia kwenye PS2 pale kibandani, hiyo modi ni ya lazima.

Tuje kwenye grafiki zenyewe. San Andreas inaongea na kadi ya grafiki kwa lugha ya Direct3D 9. Kwa miaka mingi draiva za kadi, yaani programu zinazoiunganisha kadi na Windows, zilikuwa zinaielewa lugha hiyo moja kwa moja. Ila Intel, kuanzia grafiki za ndani za prosesa zake za kizazi cha 12 na kadi zake za Arc, waliacha kuiunga mkono moja kwa moja, badala yake wakaweka mkalimani anayetafsiri Direct3D 9 kwenda Direct3D 12. Ndo maana mtu anahama kutoka laptopu ya kizazi cha 6 kwenda ya kizazi cha 12 na gemu za zamani zinaanza kukwamakwama, anashangaa, mashine si mpya hii? Mkalimani wa mwanzo hakuwa mzuri kwa kila gemu, mpaka Desemba 2022 Intel wakaboresha draiva za Arc na sehemu ya maboresho yale wakatumia DXVK, ambayo ni mkalimani mwingine, wa bure, anayetafsiri kwenda Vulkan, lugha nyingine ya grafiki, na ndo huyo huyo anayefanya gemu za Windows ziende kwenye Linux. Habari njema ni kwamba DXVK unaweza kuiweka mwenyewe, chukua d3d9.dll ya 32-biti, sio ya 64, maana San Andreas ni programu ya 32-biti, iweke pembeni ya gta_sa.exe, ukumbuke ule mlango wa .dll niliousema. Kuna mwingine anaitwa dgVoodoo2 anayeanzia Direct3D za nyuma kabisa mpaka 9 na kuzipeleka kwenye 11 au 12, huyo ni mkombozi zaidi wa gemu za miaka ya tisini. Ila tafadhali, kama gemu yako inachora vizuri usiongeze mkalimani. Anatatua tatizo la lugha, kama huna tatizo la lugha anakuongezea kazi tu.

Sasa nieleze kisa ambacho kwangu ndo kinafafanua mada hii yote kuliko maelezo yoyote. Mwishoni mwa 2024 ilitoka apdeti ya Windows 11 inaitwa 24H2. Baada yake watu wakaanza kulalamika kwamba kwenye San Andreas ile ndege ndogo inayotua majini, Skimmer, imepotea. Kwenye maeneo yake ya siku zote haipo. Ukiilazimisha itokee kwa modi, CJ anarushwa juu angani umbali ambao namba yake haina maana tena na gemu inakwama. Ndege moja tu, gemu nzima iliyobaki iko salama. Kila mtu alisema Microsoft wameharibu. Silent, yule anayetengeneza SilentPatch, akakaa chini na kufuatilia mpaka mwisho, na alichokikuta ni hiki.

Kila gari na ndege ya San Andreas imeelezwa kwa mstari mmoja kwenye faili la maandishi la vehicles.ide: jina, aina, na mwishoni ukubwa wa magurudumu. Skimmer ilikuwepo pia kwenye Vice City, GTA iliyotangulia, na kule iliandikwa kama boti, na boti haina magurudumu, kwa hiyo mstari wake haukuwa na namba hizo. San Andreas wakaibadilisha kuwa ndege, wakasahau kuongeza namba za magurudumu. Msomaji wa faili, yaani kile kipande cha gemu kinacholisoma, naye hakagui kama namba zote zimepatikana, anasoma alichokikuta, na visanduku vya kumbukumbu ambavyo hakuvijaza vinabaki na chochote kilichokuwemo. Na kilichokuwemo ni nini? Ni namba za gari la mstari uliotangulia, ile van ya TopFun, kwa sababu kati ya kusoma mstari mmoja na mwingine hakuna kitu kilichokuwa kinagusa sehemu ile ya kumbukumbu. Kwa hiyo kwenye PC tangu 2005 Skimmer ilikuwa inaruka kwa magurudumu ya kuazima kutoka kwa van, na hakuna aliyejua! Windows 11 24H2 walichofanya ni kubadilisha kazi moja ya ndani ya mfumo, inayotumika kila mstari unaposomwa, ikawa inatumia nafasi kubwa kidogo ya kumbukumbu kuliko zamani, ikafika pale zilipokuwa zimekaa zile namba na kuzifuta. Skimmer ikapata ukubwa wa gurudumu usio na akili, gemu ikapiga hesabu ya urefu wa ndege kutoka ardhini kwa namba hiyo, na CJ akapelekwa mbinguni.

Angalia uzito wa kisa hiki. Microsoft hawakukosea, walikuwa na haki ya kutumia kumbukumbu ile. Kosa lilikaa miaka 20 ndani ya gemu likisubiri. Na ukiangalia tena yale ya mwanzo, fremu, skrini, lugha ya grafiki, utaona ni jambo lile lile, gemu ilijengwa juu ya vitu ambavyo siku ile vilikuwa kweli na hakuna aliyeahidi vitabaki kweli. Hata hivyo dawa ya Skimmer ni nyepesi mpaka inafurahisha, unaweza kufungua vehicles.ide kwa Notepad na kuongeza namba zinazokosekana mwisho wa mstari wake, au ukaweka SilentPatch ya karibuni ambayo inalitibu hilo pamoja na mengine mengi, ikiwemo kasi ya mausi kwenda juu na chini ambayo kwenye gemu ya asili haikuwa sawa na ya kushoto na kulia. SilentPatch haiongezi kitu kipya kwenye gemu, haibadilishi sura, inarekebisha makosa tu, na kama utaweka kitu kimoja maishani mwako kwenye gemu hii basi iwe hiyo.

Yaliyobaki ni mambo ya Windows yenyewe. Gemu usiiweke kwenye Program Files. Kuanzia Windows Vista folda ile inalindwa, na programu ya zamani ikijaribu kuandika mle Windows inaweza kuyachukua mafaili yake kimya kimya na kuyaweka kwenye folda nyingine iliyofichwa inaitwa VirtualStore, halafu unahariri faili pale na gemu inasoma lile la kule, unashinda siku nzima unashangaa mbona mabadiliko hayaonekani. Tengeneza folda yako, tuseme C:\Gemu, uiweke humo. Gemu ikikataa kuwaka kabisa baada ya kubadilisha skrini au kadi, nenda Documents, ingia GTA San Andreas User Files, futa faili la gta_sa.set, hilo linahifadhi setingi zako za zamani na likiwa na kitu ambacho mashine mpya haikielewi gemu inaanguka mlangoni. Save zako ziko kwenye folda hiyo hiyo, hizo usiguse. Na ile Compatibility Mode ambayo kila mtu anaambiwa aweke tiki, elewa kwamba haiirudishi Windows ya zamani, inachofanya zaidi ni kuidanganya gemu kuhusu toleo la Windows na kuwasha marekebisho machache ya jumla. Kwa gemu nyingine inasaidia. Kwa San Andreas yenye SilentPatch mara nyingi haihitajiki, anza bila hiyo.

Kwa wenye gemu nyingine za diski za miaka ile, wajue kuna ukuta ambao setingi haziuvuki. Nyingi zilikuwa na ulinzi wa SafeDisc, ambao ulitegemea draiva inayokaa ndani kabisa ya Windows, na draiva hiyo ilikuwa na tundu la usalama. Windows 10 ilipotoka 2015 haikuikubali tena, na mwaka huo huo apdeti ikaizima hata kwenye Windows za nyuma. Diski yako halali kabisa, haiwaki. Hapo njia ya uhakika ni kuitafuta gemu hiyo kwenye duka la mtandaoni linaloiuza bila ulinzi ule. Na zile za miaka ya tisini zaidi, unakuta gemu yenyewe ni ya 32-biti ila kisakinishi chake ni cha 16-biti, na Windows ya 64-biti haiendeshi 16-biti kabisa. Ujumbe unaokuja unakufanya udhani gemu haifai, kumbe kinachogoma ni kisakinishi peke yake.

Kuna jambo moja lazima lisemwe wazi kwa sababu huku kwetu limewasumbua wengi. Kopi nyingi zilizozunguka mitaani kwenye diski na flash zilikuwa zimepunguzwa ili zienee, redio imetolewa, video zimetolewa, wakati mwingine na sauti za mazungumzo. Gemu ya namna hiyo ikikosa sauti ya redio au ikianguka kwenye misheni ile ile kila siku, hakuna modi itakayoiponya, kitu chenyewe hakimo. Usikae usiku kucha ukibadilisha draiva. Pata gemu kamili.

Namna ninavyoshauri uipange kazi ni hivi: weka gemu kamili kwenye folda yako, iwashe ikiwa tupu uone kama inafika kwenye menyu, irudishe 1.0 kama sio 1.0, weka ASI Loader na SilentPatch, cheza dakika chache. Halafu Widescreen Fix, cheza tena. Halafu uamuzi wako wa fremu, na hapo nenda pale ufukweni Santa Maria ukaogelee, CJ akienda kwa mwendo wa kawaida umepatia. SkyGfx na urembo mwingine mwishoni kabisa. Kila hatua iliyokubali, kopi folda nzima pembeni kabla ya kwenda inayofuata, ni GB chache tu, na hatua ikigoma unafuta na kurudisha ile ya nyuma bila kuinstoli upya. Siku ukibadilisha kompyuta utaibeba folda hiyo kwenye flash pamoja na ile ya save iliyoko Documents, utafuta gta_sa.set, na utaendelea na misheni uliyoiachia.